Je, wajua kwa nini mdakaji wa besiboli ndiye huishia kuwa kocha?

Ukikaa jukwaani kutazama besiboli kwa mara ya kwanza, kuna jambo ambalo huenda usilione mpaka mtu akuonyeshe kwa kidole. Timu inayolinda ina wachezaji tisa uwanjani. Wanane wote wametazama upande mmoja. Wa tisa amewageukia. Amechuchumaa, kofia ngumu kichwani, kinyago cha vyuma usoni, ngao kifuani, vikinga ugoko miguuni, glovu nene mkononi, na mgongo kampa mwamuzi. Huyo ndiye mdakaji, na katika uwanja mzima ni yeye peke yake anayewaona wenzake wote kwa pamoja bila kugeuza shingo.

Sasa chukua orodha ya makocha wakuu waliofanikiwa sana katika mchezo huu, iwe Marekani, Japani au Taiwan. Utakuta wadakaji wastaafu wamejazana humo kuliko hesabu inavyoruhusu. Ni nafasi moja kati ya tisa, kwa hiyo ungetarajia wawe kama sehemu moja ya tisa ya makocha. Lakini tazama ligi ya kulipwa ya Taiwan. Kuanzia msimu wa 2012 hadi wa 2023 yaligombewa mataji 12, na manane yalichukuliwa na makocha ambao enzi zao walikuwa wadakaji. Mawili ni ya Yeh Chun-chang. Sita yaliyobaki ni ya mtu mmoja, Hong I-chung.

Huyu Hong ndiye nitakayemtumia kujibu swali, kwa sababu maisha yake ya mpira yamepita karibu kila kona ya besiboli ya Taiwan, penye sifa na penye aibu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kurusha mpira mgumu kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 145 kwa saa. Mpira huo hufika kabla ya nusu sekunde kuisha. Mpigaji ana gongo, anajaribu kuupiga. Asipoupiga, mdakaji aliyechuchumaa nyuma yake lazima audake. Mpaka hapo unaweza kudhani ni kazi ya golikipa tu, ya kuzuia mpira usipite. Na kama umewahi kuona mtandaoni video za Mganda Dennis Kasumba akifanya mazoezi ya udakaji kwa matairi ya gari, huenda picha uliyobaki nayo ni ya nguvu za mapaja na wepesi wa mikono.

Nguvu hizo zinahitajika kweli. Ila kazi kubwa huwa imekwisha kufanyika kabla mpira haujarushwa. Kwa desturi ya mchezo huu, mdakaji ndiye anayependekeza mpira upi urushwe. Huingiza mkono katikati ya mapaja, mahali wapinzani wasipoona, na kuonyesha vidole. Kwa kawaida kimoja ni mpira wa kasi ulionyooka, viwili ni mpira unaopinda, na vingine ni kwa makubaliano yao. Kisha huweka glovu pale anapotaka mpira ufike: juu au chini, ndani karibu na mwili wa mpigaji au nje. Mrushaji akikubali, anarusha. Asipokubali anatikisa kichwa, na mdakaji analeta pendekezo jingine. Mpigaji akifanikiwa hukimbia kuzunguka vituo vya uwanjani kutafuta pointi, na mpinzani akifika kwenye kituo cha pili, ambako anaweza kuviona vile vidole, mdakaji hubadilisha msimbo papo hapo, labda ishara ya pili tu ndiyo ihesabike na zilizobaki ziwe danganya toto. Mazungumzo haya ya kimya hurudiwa zaidi ya mara mia katika mechi moja.

Kwa kila ishara anapiga hesabu. Huyu mpigaji jana alitolewa kwa mpira gani? Miguu yake leo imesogea mbele kidogo, anasubiri mpira unaopinda? Aliye kituo cha kwanza ana mbio, je, ataiba kituo cha pili, yaani akimbilie huko kabla mpira haujapigwa? Walinzi wa nyuma wamekaa sawa au wasogezwe? Mrushaji naye amebakiwa na nini mkononi? Hili la mwisho mdakaji hulijua kabla ya kocha. Mpira unatua kwenye glovu yake, kwa hiyo akihisi uzito wake umepungua, au umeanza kutua shubiri moja nje ya alipouomba, ameshajua mkono wa mwenzake umechoka. Makocha wengi wakitaka kumbadilisha mrushaji humtupia jicho mdakaji kwanza.

Halafu kuna kazi ya ulezi, ambayo haiandikwi kwenye takwimu zozote. Warushaji ni watu wa hisia. Mmoja akipigwa mpira ukaenda kutua jukwaani, anataka uende pale alipo umkemee. Mwingine ukimkemea umemmaliza, huyo unamuuliza habari za watoto, unamwacha apumue. Mdakaji anatakiwa amjue kila mmoja. Nyuma yake yupo mwamuzi, ambaye naye ana utu wake. Adabu ya mchezo ni kwamba mdakaji hageuki kubishana naye. Akiwa na malalamiko huyasema kwa sauti ya chini huku uso ukiwa mbele, jukwaa lisijue kwamba mwamuzi anapingwa. Wajapani wana msemo kwamba mdakaji ni “mke” wa mrushaji. Kwa maana waliyoikusudia ni sifa, ingawa wake za watu wengi wangekuwa na la kuongeza hapo.

Huko Taiwan kuna tabaka jingine juu ya haya. Timu husajili wageni wachache, na wengi wao ni warushaji kutoka Marekani na nchi za Karibi. Mdakaji wa Kitaiwani hujikuta anaiongoza mechi na mtu ambaye hawana lugha ya pamoja zaidi ya vile vidole.

Ukijumlisha yote hayo unapata jibu la kawaida linalotolewa kila mahali: mdakaji amekwisha kuwa kocha akiwa bado mchezaji. Akistaafu anavua tu kinyago na kusogea hatua chache hadi benchini. Jibu hilo ni la kweli, lakini mimi naliona nusu. Maarifa ya mchezo wanayo hata wengine. Kuna kitu kingine ambacho mdakaji anakizoea mapema kuliko mchezaji yeyote, nacho ni kulaumiwa kwa jambo lililofanywa na mkono wa mtu mwingine.

Fikiria. Ameomba mpira wa chini nje, mrushaji ameukosea ukapita katikati, mpigaji kaupeleka nje ya uzio. Nani aliomba mpira ule? Mdakaji. Timu ikishinda, sifa na rekodi zinakwenda kwa jina la mrushaji. Ikishindwa, watu wanauliza alikuwa anaita mipira gani. Sasa niambie tofauti ya maisha hayo na ya kocha.

Hong I-chung alizaliwa mwaka 1961. Alikuwa na miaka minane mwaka 1969, pale watoto wa Taichung walipoipa Taiwan ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa besiboli ya watoto huko Pennsylvania, Marekani. Besiboli ilikuwa imeletwa kisiwani na Wajapani waliokitawala tangu 1895 hadi 1945, lakini ushindi wa watoto wale ndio ulioigeuza kuwa mchezo wa taifa. Hadi leo noti ya dola 500 ya Taiwan ina picha ya watoto wa timu ya besiboli wakirusha kofia juu kwa furaha.

Hata hivyo hapakuwa na ligi ya kulipwa. Ilianza Machi 1990 ikiwa na timu nne, na Hong alikuwa anakaribia miaka 29, umri ambao magoti ya mdakaji huwa yameanza kudai haki zao. Timu yake ilikuwa Brother Elephants, ya hoteli iitwayo Brother jijini Taipei, ambayo mwenyewe, Hung Teng-sheng, ndiye aliyehangaika mpaka ligi ikasimama. Jezi zao za njano zilipendwa mno. Hong akiwa mmoja wa wadakaji wake, timu hiyo ilitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1992, 1993 na 1994.

Kisha mambo yakaharibika. Wacheza kamari na magenge waliingia kwenye ligi. Wachezaji walihongwa kupanga matokeo, wengine wakatishwa, na mwaka 1996 wachezaji kadhaa wa Brother Elephants walitekwa na wahalifu waliokuwa wamepoteza pesa. Timu ya China Times Eagles ilizama kabisa kwenye kashfa hiyo. Mwaka 1997 ikazaliwa ligi pinzani iliyowachukua nyota wengi, na Hong akahamia huko, timu ya Taichung Agan. Kwa miaka sita nchi ndogo ile ikawa na ligi mbili zinazogombania watazamaji walewale waliokwisha kukata tamaa. Ziliungana mwaka 2003.

Agan, ambayo wakati huo ilibeba jina la benki, iliingia kwenye ligi mpya na kupata ushindi mara 20 tu katika mechi 100. Ikauzwa. Mnunuzi alikuwa kampuni ya viatu, La New, nayo ikaiita La New Bears na kuipeleka Kaohsiung, kusini mwa kisiwa. Kocha akawa Hong. Mwaka 2006, misimu mitatu tu tangu ule wa aibu, La New ilichukua ubingwa kwa kuifunga Uni-President Lions mechi nne kwa sifuri katika fainali. Kweli alipata msaada: Chen Chin-feng, Mtaiwani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, alikuwa amerudi nyumbani mwaka huohuo na kujiunga nao. Mwezi wa Novemba walikwenda Tokyo kwenye mashindano ya mabingwa wa Asia, wakafika fainali na kufungwa 1–0 na mabingwa wa Japani, Nippon-Ham Fighters. Kwa timu iliyokuwa mkiani juzi tu, hiyo haikuwa haba.

Ndipo akapewa timu ya taifa, na hapa ndipo ile hoja yangu ya lawama inapata nyama.

Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008. Taiwan, ambayo kwenye Olimpiki hulazimika kushiriki kwa jina la Chinese Taipei, ilikutana na wenyeji, China. Kwa besiboli, hiyo ilikuwa kama timu ya ligi kuu kukutana na ya daraja la pili. Kwa siasa, hakuna mechi nzito kuliko hiyo. Ilikwenda sare hadi muda wa nyongeza, na mwaka ule kulikuwa na kanuni mpya: kuanzia awamu ya 11 (kwa kawaida mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga) kila timu inaanza ikiwa na wakimbiaji wawili wamekwisha wekwa vituoni, ili mechi isikeshe. Awamu ya 12 Taiwan ilipata pointi nne. China ikaingia kupiga na kupata tano. 8–7. Ulikuwa ushindi pekee wa China katika mashindano yale yote.

Taiwan ilimaliza ya tano kati ya timu nane. Ukiuliza nani alirusha mipira ile ya mwisho, watu wengi watalazimika kwenda kutafuta. Ukiuliza kocha alikuwa nani, wanakumbuka. Wapo ambao jambo kama hilo lingewafukuza mchezoni kabisa. Hong alirudi kwenye ligi, na mwaka 2019 akakabidhiwa tena timu ya taifa kwa mashindano ya Premier12, yanayokutanisha timu za mataifa. Huko Chiba, Japani, waliifunga Korea Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, 7–0.

Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo alipojenga jina lake hasa. Mwaka 2011 La New Bears walihamia Taoyuan, kaskazini, wakabadilishwa jina kuwa Lamigo Monkeys. Chini ya Hong walichukua ubingwa 2012, 2014, 2015, 2017, 2018 na 2019. Fainali ya 2015 ndiyo ninayoipenda zaidi. Timu zilifungana mechi tatu kwa tatu, ikabidi mechi ya saba iamue, na mrushaji wa Lamigo, Mmarekani Pat Misch, akacheza awamu zote tisa bila mpinzani hata mmoja kumpiga mpira na kufika kituoni salama kwa pigo hilo. Vitabu vya rekodi vimeandika jina la Misch, kama kawaida. Ukijumlisha na taji la 2006, Hong ana mataji saba, na hakuna kocha mwingine katika historia ya ligi hiyo aliyeshinda mechi nyingi kama yeye. Watu humwita Hong Zong, yaani “Mkuu Hong”, kifupisho cha neno lao la kocha mkuu.

Yeh Chun-chang naye kisa chake hakina urefu huo, lakini kina utamu wake. Alikuwa mdakaji wa Wei Chuan Dragons waliochukua ubingwa mara tatu mfululizo, 1997 hadi 1999, na mara tu baada ya taji la tatu timu ikavunjwa. Dragons walifufuliwa miaka 20 baadaye na kurejea kwenye ligi kuu 2021. Kocha wao alikuwa Yeh, ambaye tayari alikuwa ameipa EDA Rhinos taji la 2016. Mwaka 2023 akaurudisha ubingwa pale ulipoachwa.

Nje ya Taiwan orodha ni ndefu. Connie Mack aliinoa Philadelphia Athletics kwa nusu karne, 1901 hadi 1950. Bruce Bochy alikuwa mdakaji wa akiba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji, na ana mataji manne ya Marekani akiwa kocha. Japani kuna Mori Masaaki, aliyeinoa Seibu Lions iliyotawala miaka ya 1980 na 1990, na Nomura Katsuya wa Yakult Swallows.

Nomura lakini anatibua nadharia moja inayopendwa sana: kwamba wadakaji huwa makocha wazuri kwa sababu wengi si wapigaji hodari, kwa hiyo walilazimika kuishi kwa akili. Kwa Bochy inaingia. Kwa Nomura haiingii hata kwa kusukuma, maana alipiga hom rani (mipira inayopigwa ikavuka uzio) 657, wa pili katika historia ya Japani nyuma ya Sadaharu Oh. Na huyo Oh, mwenye hom rani 868, mzaliwa wa Tokyo anayebeba pasipoti ya Taiwan, hakuwa mdakaji. Alicheza kituo cha kwanza, na bado alikuwa kocha wa Japani iliyochukua ubingwa wa kwanza wa World Baseball Classic, mashindano ya dunia ya timu za taifa, mwaka 2006. Hata yale mataji manne ya Taiwan yaliyobaki katika hesabu yangu ya mwanzo, moja lilikwenda kwa Lin Yueh-ping wa Uni-President Lions, mwaka 2020, na yeye alikuwa mrushaji. Kwa hiyo si sheria.

Nashuku pia kwamba kuna kujirudia ndani yake. Wenye timu wameshaamini kwamba mdakaji ndiye kocha wa kesho, basi mdakaji akifika miaka 33 wanaanza kumketisha karibu na kocha, wanamuuliza maoni, wanampa vijana awalee. Mlinzi wa pembeni mwenye akili kama yake hapewi darasa hilo. Miaka kumi baadaye tunashangaa mbona wadakaji ndio wenye uzoefu.

Darasa lenyewe nalo limeanza kubadilika. Tangu 2022 ligi kuu ya Marekani imeruhusu kifaa cha kielektroniki: mdakaji anabonyeza kitufe, na mrushaji anasikia sikioni mwake mpira unaotakiwa. Wapo warushaji ambao sasa wanabonyeza wenyewe. Vidole vya gizani vimeanza kupumzika, na benchini kuna kompyuta zinazojua udhaifu wa kila mpigaji kuliko mdakaji yeyote. Lakini bado hakuna kifaa kinachokwenda kumtuliza mrushaji aliyetoka kupigwa.

Hong mwenyewe hakuishia Lamigo. Baada ya Lamigo kuuzwa kwa Rakuten ya Japani, alikwenda kuinoa Fubon Guardians, timu ya kampuni ya fedha na bima. Kisha ikaundwa timu ya sita ya ligi, TSG Hawks, ya kampuni ya chuma, na ilipoingia rasmi kwenye ligi kuu mwaka 2024 kocha wake alikuwa yeye. Hoteli, benki, viatu, bima, chuma: mtu angeweza kujifunza uchumi wa Taiwan kwa kusoma vifua vya jezi alizofanyia kazi. Hawks wana makao yao Kaohsiung, kwenye uwanja wa Chengcing Lake, uleule alioufanyia kazi na La New, timu iliyompa taji lake la kwanza mwaka 2006.